Sauti ya Maison Lusenge

Beni, Mulekera
Jumapili, baada ya misa

Kwako dada yangu mkubwa, yaya Berthe,

Nakusalimu wewe na shemeji Siméon, na watoto wote wa nyumba, wa kuzaa na wa kulea. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema moshi wa kukaushia samaki hausumbui macho tena kama kuinama kunavyosumbua mgongo. Natumaini umekubali wasichana wakusaidie. Na ziwa, linawapa ao linawanyima? Huku Beni tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mama yuko Butembo, goti linamuuma kila mvua ikinyesha, lakini anapanda mwenyewe mpaka kanisani, na ukimpa mkono umshike anakasirika. Mimi mwili uko mzima. Kilichochoka ni kitu kingine, na pale hospitali hakuna mashine ya kukipima.

Utashangaa kuona karatasi. Ningeweza kukutumia vocal kwa simu, mais unaijua familia yetu: vocal inatoka kwako Kyavinyonge asubuhi, mchana iko Butembo, jioni inasikilizwa Kampala kwa mtoto wa shangazi. Kwa hiyo nimempa Hénock barua hii, kwa kuwa anakuja huko kununua samaki, nikamwomba aiweke mkononi mwako na si kwa mwingine. Unisamehe Kiswahili cha shule ya masista. Nikishika kalamu kinakuja chenyewe. Mdomo ndio umebaki wa Butembo.

Ujumbe wako wa mwisho ulikuwa mfupi sana, yaya. Uliandika tu: “Nadège, mujomba alikukosea nini?” Niliusoma mara nyingi. Najua uliyosikia. Umesikia kwamba nimemwacha mjomba Lusenge aliyetulea, kwamba washindani wake wa magari ya abiria wamenipa nyumba na pikipiki, na kwamba kabla ya kuondoka nilimharibia biashara mbele ya watu. Hata huku Beni kuna wamama sokoni wanaonigeuzia mgongo. Sikukujibu haraka kwa sababu jibu ni refu. Leo nitakueleza tangu mwanzo.

Unajua jinsi nilivyoingia katika kazi hii. Wakati wa Ebola nilikuwa nashika megafoni kule Mangina, nawaambia watu wanawe mikono na wasiguse maiti, na wao wananitupia mawe kwa kuwa niliingia kwenye gari la wageni. Ugonjwa ulipokwisha, sauti yangu ilikuwa imekauka, na mjomba akasema: “Kuja kwangu. Unajua kusema na batu, mi najua kununua magari.” Akanipa biro ndogo, chumba cha kazi cha kampuni yake Maison Lusenge, kwenye parking ya Beni magari yanapopakia, na kwenye mlango wakaandika kwa rangi nyekundu: Relations publiques, yaani uhusiano na watu. Kazi ilikuwa kwenda redioni kutangaza safari, kutuliza abiria mzigo ukipotea, kuandika pole mtu mkubwa akifiwa. Watu hawakujua uso wangu, ila sauti yangu waliijua wote. Nikisalimia muuza mikate, anasema: “Ee, ni ile sauti ya Maison Lusenge!”

Na Ijumaa, kama unavyojua, nilikuwa napanda Butembo kufundisha katika chuo kimoja somo la historia ya kazi hii. Nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba haikuanza jana, na kwamba sisi Wacongo tulionja uchungu wake mapema. Mfalme wa Wabelgiji alikuwa na biro ya siri ya kulipa magazeti yaandike mema juu ya Congo, wakati wazee wa wazee wetu wanakatwa mikono kwa ajili ya mpira wa msitu. Nikawaambia pia juu ya Alice Harris, mke wa mmisionari, aliyewapiga picha wale watu, na picha zake zikaonyeshwa kanisa kwa kanisa kule Uingereza na Amerika, mpaka maneno ya mfalme yakakosa wa kuyaamini. Nikafika kwa Bernays, Mwamerika aliyewafanya wanawake waone sigara kama uhuru wao. Siku ile msichana mmoja anayeitwa Sagesse, mpole, anayekaa karibu na dirisha, aliinua mkono akaniuliza: “Madame, kati ya bale bote, wewe uko nani?” Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka, nikageukia ubao.

Basi, mwezi wa mvua kubwa, Fuso moja ya mjomba ikaanguka Kabasha.

Ilikuwa inatoka Butembo kuja Beni, imejaa viazi na mboga za poireaux za Lubero, na watu wamekaa juu ya magunia kama kawaida. Dereva alikuwa Maliro, yule mrefu, nadhani ulimwona kwenye harusi ya Gaëlle. Kwenye mteremko freni zikakataa. Maliro alijaribu kuegemeza gari kwenye ukingo wa mlima, likapinduka. Watu tisa walikufa, na yeye mwenyewe akiwamo.

Nilifika kwa pikipiki huku mvua bado inanyesha. Vijana wa kijiji cha pale juu ya barabara ndio waliokuwa wanawavuta watu kutoka chini ya magunia, wamejaa matope mpaka kwenye nywele, wengine wamevua mashati wafunge vidonda. Sitakueleza zaidi. Wewe umeona watu waliozama ziwani, unajua sura za namna ile.

Nikiwa pale, mjomba akapiga simu kutoka Butembo. Alikuwa analia, yaya, sitaki ufikiri hakulia. Lakini katikati ya kulia akaniambia niandike komunike, tangazo la kampuni, haraka kabla redio hazijaanza, niseme watu wenye silaha wameipiga gari risasi na dereva akapoteza njia. Alisema: “Kwa barabara yetu hapana mutu atauliza. Bote banajua mambo ya huku.” Na hapo hakukosea. Nani angeuliza? Tumezika watu wengi hivi kwamba risasi imekuwa maelezo ya kila kitu.

Nilipoweka simu mfukoni, nikamwona lieutenant Grady wa jeshi amesimama nyuma yangu. Ni mtu wa mkoa wa Équateur, ametumwa huku miaka mingi bila kuona watoto wake, macho yake yana usingizi hata akitembea. Alikuwa ameizunguka Fuso yote. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha kambini: “Mama, mi naona motuka, mi hapana naona masasi. Lakini patron yako akisema masasi, mi nitapanda kule juu na batu yangu kutafuta adui. Ordre iko vile.” Akaonyesha kijiji kwa kidevu. Nikawatazama wale vijana wenye matope. Nikamjibu angoje, kampuni itasema yenyewe.

Nilikodi pikipiki nyingine, nikapanda mpaka Butembo nimelowa, nikaingia kwa mjomba bila kubisha. Nilijua nikimwambia juu ya dhambi atanifukuza. Kwa hiyo nilimwambia habari za biashara. Nilimweleza juu ya Ivy Lee, Mwamerika aliyekuwa mwandishi wa magazeti. Mwaka 1906 treni iliacha njia kwenye daraja, ikaanguka majini, watu zaidi ya hamsini wakafa. Kampuni za treni zilizoea kuficha mambo kama hayo. Lee akaishauri kampuni itoe habari yenyewe, tena iwapeleke waandishi mahali penyewe waone kwa macho yao. Na magazeti yakaisifu.

Mjomba akauliza: “Na ile kampani ilianguka?” Nikasema hapana. Akauliza tena kama watu waliendelea kupanda treni zake. Nikasema waliendelea, kwa wingi. Akajifuta uso kwa kitambaa, akasema basi niseme kweli. Nilipomsomea niliyoandika, akataka niondoe maneno ya kwamba Maliro alikuwa ametuambia freni hazishiki na hatukumsikiliza. Nikamjibu kwamba kweli nusu haiuzi. Nilitumia neno hilo hilo, yaya: haiuzi. Akaniacha niyasome yote.

Nilisoma redioni asubuhi, Butembo na Beni. Nilisema gari letu lilikosa freni, hakukuwa na risasi, dereva alituonya na sisi hatukumsikia, na tunaomba msamaha kwa familia. Lieutenant Grady hakupanda kijijini. Kwa muda nililala vizuri.

Halafu likaanza jambo ambalo sikulitegemea, ingawa mimi ndiye mwalimu wa somo lenyewe. Watu walimsifu mjomba. Padri alimtaja kwenye mahubiri kama mfano. Wafanyabiashara wa Butembo walimshika mkono njiani. Kwenye parking nilisikia abiria wakisema: “Twende na Lusenge, bo banasemaka kweli.” Fuso ya pili, ile iliyonunuliwa pamoja na ile iliyoanguka, kwa mtu mmoja na siku moja, ikawa inajaa kuliko wakati wowote. Mjomba aliniita mtoto wa akili. Akaniambia tuendelee hivyo hivyo, watu wanapenda kusikia tunalia nao. Akataka tumpe mjane wa Maliro mabati na godoro, mbele ya kamera.

Mjane huyo anaitwa Joyeuse. Anakaa kwenye nyumba ya udongo upande wa Butembo, ana kisauti chembamba, na siku ile alikuwa amevaa pagne nyeusi ya kuazima. Mpiga picha alimsogeza mara huku, mara kule, akamwomba ashike bati moja lionekane. Mjomba akatoa hotuba. Mimi ndiye niliyeiandika, na nilisikia vibaya kuona ilivyo nzuri. Walipomaliza, Joyeuse alikuja kunishukuru, akanishika mkono, akauliza polepole ili wengine wasisikie: “Yaya, freni ya ile Fuso ingine, banaitengeneza?”

Nikamwambia nitauliza.

Nilimuuliza mjomba jioni ile ile. Alisema vifaa vitatoka Kampala, ameshaongea na mtu, mais kwa sasa gari haiwezi kulala, maana abiria ni wengi. Nikamwambia abiria ni wengi kwa sababu ya maneno yangu redioni. Akajibu kwa furaha: “Ndiyo! Ni kazi yako!” Hakunitania, yaya. Alikuwa ananisifu.

Usiku ule nilikumbuka nusu ya hadithi ambayo sikumsimulia. Darasani naisimulia yote, lakini kwa mjomba nilikata. Yule Ivy Lee, miaka minane baada ya treni, aliajiriwa na wenye migodi ya makaa ya mawe. Wafanyakazi walikuwa wamegoma, wakafukuzwa kwenye nyumba, wakawa wanakaa kwenye hema. Hema zikachomwa, wakafa wanawake na watoto. Na Lee akaandika kwa ajili ya matajiri, akatawanya karatasi zenye mambo yasiyokuwa kweli. Mtu mmoja, kalamu moja. Nilimwonyesha mjomba jinsi kweli inavyoleta wateja, basi akaitumia kuleta wateja. Hakukosea somo. Alilishika jinsi nilivyomfundisha.

Sasa nakuambia jambo ambalo hata Mama halijui.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwenye parking ya Butembo. Fuso ilikuwa imejaa, wamama wamekaa juu ya magunia na vitoto mgongoni, konvoyeri, yule utingo, anapiga bodi kwa kiganja waondoke. Sikuwa na megafoni wala karatasi. Nilisimama chini, nikawaambia washuke, freni za gari hili ni kama za lile la Kabasha. Mama mmoja akanitazama bila hasira, akasema: “Acha bongo, usitudanganye. Gari ikiwa mbaya, Maison Lusenge bangetuambia. Bale banasemaka kweli.” Wengine wakaitika. Mzee mmoja akaniuliza ni kampuni gani imenituma.

Nakuambia, yaya, nimetupiwa mawe Mangina, lakini jiwe la siku ile ndilo zito. Walikuwa wananitetea mimi dhidi yangu mwenyewe.

Basi nikapanda kwenye gurudumu, nikashika bodi, nikawasalimia kama ninavyosalimia redioni: “Abiria wapendwa wa Butembo, Beni na barabara yote, hamujambo?” Yule mama akaweka mkono mdomoni. Akasema: “Ni yee. Ni sauti yenyewe.” Nikawaambia ndiyo, ni mimi, na jana bado nilikuwa nalipwa kuwaambia mupande. Leo ninawaambia mushuke. Yule mama akaniteremshia mtoto wake kwanza nimpokee, kisha akashuka mwenyewe. Halafu wengine, polepole, wanateremsha mizigo, wanaombana nafasi. Konvoyeri alikuwa tayari kwenye simu na mjomba.

Nilimngoja palepale. Alikuja na sandali za nyumbani, akawaambia watu kwamba gari limepata panne ndogo na warudi kesho, kisha akaniingiza kwenye biro na kufunga mlango. Nilifikiri atanipiga. Alikaa chini. Akaniambia ninajua kabisa kwamba habari hii ikitoka jinsi ilivyo, nyumba yake imekwisha, na pamoja nayo madereva wote, na karo za watoto anaowasomesha, na dawa za Mama. Nikamjibu kwamba najua. Akaniuliza ninataka nini. Nikasema freni mpya kwa magari yote, na yasitoke mpaka nimeziona. Akatikisa kichwa muda mrefu. Mwishowe akasema atafanya, lakini watu walionisikia pale hawawezi kusahau, lazima wapewe sababu nyingine. Atasema washindani wamenichukua na walinituma kumharibia. Na mimi nisijibu. Hata kwa familia nisijibu.

Nilikubali, yaya. Ndiyo maana hukusikia neno langu. Uvumi uliokufikia ni komunike ya mjomba, aliitunga mwenyewe, na lazima nikiri imetungwa vizuri kuliko zangu nyingi. Hakuna kampuni iliyonipa nyumba wala pikipiki. Ninakaa Mulekera kwa rafiki yangu Ornella, tunapanga chumba kimoja, na asubuhi namsaidia kuuza unga. Chuo pia kiliniambia nipumzike kidogo, maana wazazi wamelalamika kwamba mtu asiye na shukrani hawezi kufundisha watoto wao.

Nimevunja ahadi kwako peke yako. Mwanzoni nilitaka kunyamaza kabisa, niliona naweza kubeba. Sokoni nabeba. Kwa Mama nabeba, ingawa aliniuliza kama chakula cha mjomba kilikuwa na sumu. Lakini ujumbe wako wa maneno manne ulinishinda. Wewe ulinibeba mgongoni siku tuliyomzika Papa. Sikuweza kuvumilia na wewe uamini. Sikuombi unitetee. Ukinitetea, watauliza umejuaje, na yale tuliyopatana na mjomba yatavunjika, na magari bado ni yake kuyatengeneza ao kuyaacha. Nakuomba tu ujue.

Nikipata nafasi nitakuja kukaa kwako wiki chache. Sitaki kazi ya kusema. Nipe samaki nipare magamba, nikae na watu ambao hawahitaji niwashawishi kitu. Nimechoka na maneno, yaya. Wakati mwingine hata sala naikata katikati, kwa sababu nasikia kama natangaza.

Unisalimie shemeji Siméon, na umwambie asikasirike nawe kwa siri hii. Uwabusu watoto, hasa yule mdogo anayekataa kulala. Umsalimie mama Éliakim jirani, na wale wote wa jumuiya wanaoniulizia, hata wanaoniulizia kwa ubaya.

Na kama kuna mtu huko anataka kwenda Butembo na anaogopa, mwambie apande Fuso ya mjomba. Freni ni mpya. Nililala chini ya kila gari, fundi akanishikia tochi, nikaziona kwa macho yangu. Hilo ndilo tangazo langu la mwisho kwa Maison Lusenge, na mjomba hajui kwamba bado namfanyia kazi.

Mdogo wako anayekupenda,

Nadège